Orodha nimeipata, barua itakuja lini?

Swali

"Shikamoo mama. Nina miaka 26, naishi Igoma hapa Mwanza. Mume wangu yuko kwenye uvuvi wa dagaa huko Ukerewe, anakuja nyumbani siku za mbalamwezi. Kabla sijazaa tulikuwa tunaongea mpaka bando la usiku linakata. Sasa Junior ana mwaka na miezi mitano, na mimi na baba yake tumebaki na voisi za pampasi, luku na 'tuma na ya kutolea'. Namtumia voisi usiku, anasikiliza asubuhi, anajibu 'sawa'. Mama mkwe yuko Magu, ana kitochi, amenuna kwamba simsalimii, wakati picha za mjukuu wake naziweka statasi kila siku. Na mtoto akiniona na simu ananing'ang'ania mpaka nimwekee katuni ndiyo nipumue. Jirani anasema atachelewa kuongea. Naomba uniambie ukweli: simu imetuharibia nyumba, au ni uzazi?"

Jibu

Marahaba mwanangu. Ulipoleta swali lako nilikuomba kwanza upitie ujumbe 20 wa mwisho uliomtumia mumeo, wa maandishi na wa sauti, uniandikie tu kila mmoja ulihusu nini, siri zenu ubaki nazo. Ulinirudishia hesabu jioni ileile. Hela na vitu, 13. Homa na mafua ya mtoto, 4. Kulalamika kwamba hujibiwi, 2. Na mmoja, wa saa 5 usiku, ulisema tu "umelala?" Huo mmoja ndio ulionifanya nikae niandike jibu refu, kwa sababu kati ya yote 20 ni huo peke yake uliokuwa unamtafuta mumeo. Mingine yote ilitafuta huduma.

Ukitaka jibu fupi: kilichoanza ni uzazi, simu ikaja kukibeba. Nina sababu ya kusema hivyo. Yamenikuta mimi mwenyewe kabla sijashika simu yoyote.

Mwaka 1998 nilikuwa na mtoto wa kwanza wa miezi saba, nakaa Nyakato, mume wangu anafundisha Ukerewe. Tulikuwa tunawasiliana kwa barua. Unaandika, unaifunga, unashuka nayo bandarini, unatafuta mtu wa kuaminika anayepanda meli ya Nansio, unamkabidhi na kumtajia duka la kuiacha. Wakati wa uchumba barua zangu zilikuwa kurasa nne, na maua ya kalamu nyekundu pembeni. Baada ya kuzaa, siku moja nikamwandikia nusu karatasi: sukari kilo mbili, sabuni ya mche, dawa ya kikohozi, hela ya fundi mlango. Nikatia sahihi chini, kama mtu wa stoo. Wiki iliyofuata jibu likaja, mstari mmoja: "Orodha nimeipata. Barua itakuja lini?"

Nilikasirika siku tatu nzima. Mimi silali, mtoto anakohoa, yeye anadai barua! Siku ya nne nikaisoma tena nikacheka peke yangu jikoni. WhatsApp ilikuwa bado miaka 11 kuanzishwa, na mimi tayari nilikuwa nimeshageuka kuwa mtu wa voisi za pampasi.

Mtoto akizaliwa, maneno ya mume na mke yanapata kazi mpya. Zamani mlikuwa mnaongea ili kujuana. Sasa kuna mtu wa tatu asiyeweza kujisemea, na nyinyi wawili ndio midomo yake. Amekula, hajala, amechemka, chanjo ni Jumanne, uji wa lishe umebaki kikombe kimoja. Hayo lazima yasemwe, na yakicheleweshwa mtoto anaumia. Kwa hiyo yanatangulia kila siku, na yakishatangulia, mchovu hana nguvu ya kuongeza mengine. Wala hakuna mwenye kosa hapo. Ila mtu akipokea taarifa tupu kwa mwaka mzima, anaanza kujibu kama mpokea taarifa, na jibu la taarifa ndilo hilo: "sawa".

Hata jina linasaidia kulisukuma jambo hili. Uliniambia kwenye simu yake ulikuwa umeandikwa "Malkia", na baada ya Junior amekuandika "Mama Junior". Kwetu hiyo ni heshima kubwa, na wala sisemi aifute. Kuna mama wamekaa Kirumba miaka thelathini na mtaa mzima haujui jina walilopewa na wazazi wao, na wanalionea fahari lile la mtoto. Ila jina hubeba mazungumzo yake. Anayempigia Mama Junior atauliza habari za Junior.

Tena meseji zenyewe! Moja uliyonionyesha ilikuwa na maneno sita: "Ile hela tuma kwa namba hii." Mwanangu, matapeli wote wa nchi hii wanaandika hivyohivyo. Mumeo ameitambua kuwa ya mkewe kwa namba tu, si kwa maneno.

Sasa tuje kwenye simu, maana nayo ina sehemu yake.

Hebu fikiria asubuhi ya mumeo. Dagaa wanavuliwa usiku, kwa taa, na siku za giza ndizo za kazi. Usiku kucha yuko majini na mtandao unakuja na kupotea. Alfajiri mtumbwi unagusa mwalo, simu inashika mnara, na voisi zako tisa za usiku zinaingia kwa mkupuo: ti, ti, ti. Mikono imejaa magamba, dagaa wanasubiri kuanikwa kabla jua halijapanda, mwenye mtumbwi anahesabu ndoo, na wenzake wanne wamesimama karibu. Atasikilizaje sauti ya mkewe mbele ya watu, tena hajui ya kwanza ni ya mapenzi au ya ugomvi? Anaweka simu sikioni sekunde kumi, anaruka hadi ya mwisho, anaandika "sawa", anairudisha kwenye mfuko wa nailoni. Wewe Igoma unaona tiki za bluu kwenye voisi ambazo hajazisikiliza hata nusu. Unahisi umedharauliwa. Yeye anahisi amejibu.

WhatsApp ilileta ujumbe wa sauti mwaka 2013, na mimi ni mmoja wa walioshangilia. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mikono ndani ya beseni la nguo ni msaada mkubwa. Unabonyeza, unasema, unaendelea kufua. Lakini angalia kilichopotea. Ukisema kwa voisi, unasema mpaka mwisho bila kukatwa. Hakuna "ee", hakuna "we!", hakuna "subiri kwanza, alisemaje?" Na Kiswahili chetu chote kimejengwa kwa kupokezana. Hodi inangoja karibu. Kitendawili kinangoja tega. Paukwa haiendi popote bila pakawa. Shikamoo isiyopata marahaba inamwacha aliyeitoa amesimama. Ulinisimulia ulivyomtumia mama mkwe shikamoo kwa voisi kupitia simu ya shemeji yako, akaisikia siku mbili baadaye. Je, marahaba aliitikia nani? Alimwitikia shemeji, na wewe hukuisikia.

Hiyo ndiyo fundo la barua yako yote, kwa mume, kwa mama mkwe na kwa mtoto. Ujumbe mnatumiana tele, mnachokosa ni kuitikiwa palepale. Nami naomba nikae zaidi kwa mtoto, kwa kuwa hapo ndipo jirani yako amekutia hofu, na hapo ndipo elimu ipo nyingi.

Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, na wenzake walichapisha jaribio ambalo sisi tunaofanya kazi ya malezi hatulisahau. Mama anacheza na kichanga chake kama kawaida, uso kwa uso. Kisha anaambiwa aukaushe uso: asitabasamu, asijibu, amtazame tu. Dakika chache. Mtoto anaanza kwa kutabasamu ili amrudishe mama. Haikusaidia, anajaribu tena, ananyoosha mikono, anapiga kelele. Mwisho anageuza uso na kujikunyata. Mama yuko palepale, hajaondoka, lakini kwa mtoto ni kama ameondoka. Ukiwa umeshika simu unasoma, uso wako unakuwa hivyohivyo mwanangu. Wangu pia. Jiangalie siku moja kwenye kioo ukiwa unasoma meseji.

Jaribio jingine, la mwaka 2017, linakuhusu moja kwa moja. Akina mama walipewa maneno mapya mawili wawafundishe watoto wao wa miaka miwili. Katikati ya neno moja simu ikampigia mama, akaongea, kisha akarudi kufundisha. Lile neno ambalo simu haikuingilia, watoto walilijua. Lile lililokatwa, hawakulijua, ingawa maneno yote mawili yalitajwa mara sawa. Kwa hiyo kumtajia mtoto neno mara nyingi hakutoshi. Kuna uzi kati ya macho yako na yake, na ukikatika neno linaanguka.

Nilishuhudia hilo kwenye daladala ya kutoka Buhongwa kuja mjini. Mama amepakata mtoto wa kama miezi 15, simu iko sikioni, anasikiliza voisi ndefu. Ng'ombe wanavuka barabara. Mtoto akanyoosha kidole: "Mmh!" Mama kimya. "Mmh!" Akamshika mama kidevu ampindue shingo. Mama akausogeza mkono taratibu, bila ubaya wowote. Mara ya tatu konda aliyekuwa ananing'inia mlangoni akamwitikia: "Eeh, ng'ombe hao! Wakubwa!" Yule mtoto alicheka mwili mzima. Akaonyesha tena, konda akaitika tena, na tukaenda hivyo mpaka Mkuyuni: pikipiki, mawe, mbuzi, kila kitu kinaonyeshwa kwa konda. Nauli yangu alisahau kunirudishia chenji, nikamwachia, kwa kazi aliyoifanya.

Nakusimulia hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtoto akikung'ang'ania unaposhika simu, simu yenyewe hana habari nayo sana. Anataka uso wako ugeuke. Ya pili, anayemwitikia si lazima awe wewe. Maandishi mengi ya malezi tunayoyapokea yameandikwa kwa mama aliyejifungia na mtoto mmoja ndani ya nyumba. Junior ana watoto wa jirani, ana yule dada anayekusaidia, ana fundi cherehani wa barazani. Kila anayemwambia "eeh, ng'ombe!" anamjenga. Usijibebeshe mzigo wa watu kumi.

Na katuni? Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri hivi: chini ya mwaka mmoja, hakuna kioo cha simu wala runinga kabisa. Mwaka mmoja kwenda miwili, bado halikushauri. Miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Kwa umri wa Junior basi katuni si chakula chake. Nasema hivyo, na papo hapo nasema kwamba jiko la mkaa likiwa limewaka, maharage yanachemka, na uko peke yako, dakika kumi za katuni zinazomweka mbali na moto hazitamharibu. Shida ni pale katuni inapokuwa ndiyo yaya. Nasikia mama wakijitetea kwamba ni katuni za kufundisha, mtoto anajifunza hesabu na Kiingereza. Katika umri huu hajifunzi kwa njia hiyo. Mtafiti Patricia Kuhl na wenzake, huko Seattle, Marekani, walichapisha mwaka 2003 habari ya vichanga wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina. Wengine waliketi na Mchina mwenyewe, anawasomea na kucheza nao, vipindi 12. Wengine walioneshwa mtu huyohuyo kwenye runinga, au wakasikia sauti yake tu. Waliokaa na mtu walizitambua sauti za Kichina. Wa runinga hawakupata kitu, kama vile hawakuwahi kuisikia.

Hapo utasema basi baba yake kisiwani hana la kumsaidia, naye yuko kwenye kioo. La hasha, na hii ndiyo habari njema niliyokuwekea. Mwaka 2014 watafiti wengine wa Marekani walijaribu maneno mapya kwa watoto wa kati ya miaka miwili na miwili na nusu kwa njia tatu: mtu akiwa chumbani, mtu akiwa kwenye simu ya video papo kwa papo, na video iliyorekodiwa. Kwenye video iliyorekodiwa hawakujifunza. Kwenye simu ya video walijifunza kama vile mtu yuko chumbani. Kioo ni kilekile, tofauti ni kwamba yule wa simu anaitikia: mtoto akicheka anacheka, mtoto akionyesha mpira anasema "lete!" Ndiyo maana hata madaktari wa watoto wa Marekani, mwaka 2016, waliposhauri watoto wa chini ya miezi 18 wasipewe vioo, waliacha mlango mmoja wazi: kuongea na ndugu kwa video.

Kwa hiyo kama bando ni dogo, usilimalizie kwenye katuni. Dakika tano za baba kwa video, saa 10 jioni akiwa ameamka na hajaingia majini, zina thamani kuliko saa nzima ya katuni. Shika simu wewe, usimwachie mtoto, maana atabonyeza chekundu akate. Na msaidie baba. Wanaume wengi kwenye video na mtoto wanabaki kusema "hallo Junior, hallo Junior" mpaka wanachoka. Mwambie aonyeshe kitu: dagaa mmoja mkononi, kasia, yule paka wa kambini. Mtoto akisema "nyau", baba aseme "eeh, nyau mkubwa, anakula samaki." Hapo wanaongea.

Kuhusu kuchelewa kuongea: uliniandikia kwamba anasema mama, baba, nyau, na "toka!" kwa kuku. Kwa miezi 17 hiyo inatosha kukutuliza. Mtoto wa kumwahisha hospitali ni yule aliyefikisha mwaka habwabwaji wala haonyeshi kwa kidole, aliyefikisha miezi 16 hana hata neno moja, aliyefikisha miaka miwili haungi maneno mawili, au aliyekuwa anasema akaacha. Huyo usimsubiri wala usiambiwe "wavulana huchelewa". Anza na kliniki unakompeleka, uliza kwanza masikio yapimwe, wakiona haja watakuandikia rufaa ya Bugando. Na lile la jirani kwamba Kisukuma cha bibi kitamchanganya, liache lipite. Watoto wa mwambao huu wote wamekulia lugha mbili au tatu na wanatukana kwa zote vizuri kabisa.

Tukimgusa bibi, twende Magu. Hapa, mwanangu, nitasimama upande wa mama mkwe.

Wewe unamsalimia kwa statasi. Kitochi hakina statasi. Yaani kwa mwaka mzima umekuwa unabandika tangazo kwenye ukuta ambao yeye hapiti. Wanaoziona picha ni shemeji zako, na wao wanamwambia, "Junior amependeza leo." Bibi anajua mjukuu wake amependeza kwa kusikia kwa watu. Katika kizazi chake habari zilikuja kwa mtu kufika, kwa barua, au kwa redio. Watu walikuwa wananunua kadi za salamu ili jina la mama mzazi lisomwe hewani, na jina likisomwa mtaa mzima ulijua mtoto fulani hajasahau kwao. Kusalimiwa kulikuwa ni kutajwa jina. Wewe humtaji.

Mpigie mara mbili kwa wiki, asubuhi, kabla hajaenda shamba. Weka sauti kubwa, mweke Junior mapajani. Bibi aseme "mwangaluka", salamu yake ya Kisukuma, mtoto abwabwaje chochote, bibi aitikie. Usiingilie kutafsiri. Kitochi hicho unachokidharau, kwa mambo niliyoyaeleza hapo juu, ni bora kuliko simu janja yako: hakiwezi kufanya lolote isipokuwa kukuunganisha na mtu anayeitikia. Akikua kidogo, bibi atamtegea vitendawili kwa simu hiyohiyo. Nina wajukuu wawili Dodoma, nafanya hivyo kila Jumapili, na mmoja ameanza kunitegea vya kwake ambavyo havina majibu.

Statasi yenyewe endelea nayo ukipenda, ila picha za mtoto akiwa anaoga usiziweke. Waliohifadhi namba yako ni wengi kuliko unavyowakumbuka.

Nirudi kwa mumeo, kwani nadhani ndiko moyo wako uliko.

Kuna kitu mlicho nacho ambacho wenye ndoa za ofisini hawana: kalenda yenu iko angani. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inatulia na baba Junior anavuka kuja nyumbani. Siku hizo mnazipoteza, na mimi nimezipoteza nyingi. Anafika amebeba mfuko wa samaki, anapokelewa na madeni ya mwezi mzima kabla hajanawa. Jaribuni hivi: usiku wa kwanza hakuna hesabu. Simu zote mbili zikae juu ya kabati na chaja yake. Asimulie ya majini, hata kama ni ya upepo na nyavu kuchanika, na wewe useme ya hapa. Hesabu ni kesho asubuhi, kwenye karatasi, mkiwa mmekaa.

Na siku za giza, orodha itenganisheni na barua. Mambo ya hela na mahitaji yaandike, yote pamoja, mara moja kwa siku, saa 6 mchana, wakati ameamka. Yaandike kwa maandishi ili ayapitie mara moja na ayarudie akisahau. Voisi ya dakika tatu yenye bei za vitu vitano inamlazimu aisikilize mara nne. Voisi ibaki kwa yale yanayohitaji sauti yako, moja tu, fupi, isiyoomba chochote. Mwambie kuku wamefanyaje. Mwambie Junior kamfukuza nani leo. Muulize kitu ambacho "sawa" haiwezi kukijibu: nani alikuwa anaimba mtumbwini jana, upepo ulitokea upande gani? Mwanamume aliyechoka hajui kujibu "unanipenda bado?" saa 12 asubuhi mbele ya ndoo za dagaa. Swali la upepo atalijibu, tena kwa kirefu.

Dharura ya mtoto haimo katika hayo yote. Homa ikipanda usimtumie voisi, wala usisubiri tiki. Piga. Na asipopatikana, mpeleke mtoto hospitali kwanza, ruhusa ya mume itafuata. Mpangieni pia namba ya pili pale mwaloni, ya mwenzake au ya mwenye mtumbwi, ili simu yake ikizima usibaki unapiga ukuta.

Sikuahidi kwamba atabadilika kwa mwezi mmoja. Mume wangu alisubiri barua yake wiki mbili zaidi, na nilipoiandika ilikuwa fupi, sehemu kubwa inamhusu panya aliyekula kona ya godoro. Aliitunza. Niliikuta mwaka juzi ndani ya faili la vyeti vya shule.

Leo mtumie ile ile ya "umelala?", lakini itume saa 10 jioni, kabla hajaingia majini, uone. Na hilo la jina kwenye simu yake, usichukue simu akiwa amelala ukajiandika Malkia mwenyewe. Mwambie kwa mdomo kwamba ulikuwa unalipenda, kisha nyamaza.